Asilimia 70 ya Mbwa Wangapi?

Kabla uniambie mbwa wa Otonglo ni wa kupigwa mawe, nijibu swali moja tu. Ni wangapi?

Sitaki makisio, nataka namba. Kuanzia steji pale kwenye lami ya Busia, uingie nyuma ya soko, ufuate ile njia ya matope mpaka ploti za mwisho: kuna mbwa wangapi? Mimi nimeuliza. Nimeuliza kina mama wa omena, ambao wanajua hata nani hajalipa kodi ya nyumba mwezi huu. Nimemuuliza mzee wa mtaa. Akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka. "Nyathina, hapa hata watu hawajaisha kuhesabiwa."

Sawa, mzee. Sasa chukua hicho kicheko ukiweke kando ya karatasi ya serikali. Kenya ina mpango wa kitaifa wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa. Ulianza 2014, unaisha 2030. Shabaha yake kuu inaeleweka hata na mtoto wa darasa la nne: chanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka, miaka mitatu mfululizo. Na kaunti zilizochaguliwa kuanza majaribio zilikuwa chache. Makueni, Machakos, Kitui, Siaya, na, keti chini, Kisumu.

Yaani sisi hatuko mwisho wa foleni. Sisi ndio tulipaswa kuwa mfano.

Asilimia 70 ya nini, yawa? Kama hujui mia yako ni ngapi, hiyo sabini unaitoa wapi? Unachanja mbwa hamsini, unapiga picha, unaandika ripoti. Hamsini kati ya sabini ni ushindi. Hamsini kati ya mia tano ni kiini macho. Na kwenye ripoti zote mbili picha ni ile ile: mbwa ameshikwa, daktari anatabasamu.

Wacha niwaambie kwa nini nina hasira.

Mtoto wa Auntie yangu, nitamwita Junior, ana miaka minane. Siku 44 zilizopita alitumwa dukani kununua unga. Mbwa akatokea upande wa bucha. Hakubweka. Watu wote waliokuwa pale wanasema hivyo, kwamba hakubweka, alikuja tu na taya limelegea na udenda unaning'inia, akauma mtungi wa maji, akauma mbuzi aliyefungwa, akauma mguu wa Junior kwenye ndama, kisha akamparuza mkono jamaa mmoja wa boda aliyekuwa anajaribu kumfukuza kwa helmeti. Vijana wakamuua kwa mawe. Jioni wakamchoma pamoja na takataka.

Hapo hapo tulipoteza kitu. Kichaa cha mbwa kinathibitishwa kwenye ubongo. Kichwa cha yule mbwa ndicho kilikuwa jibu, na tulikichoma na mifuko ya plastiki. Simlaumu yeyote. Nani aliwahi kutuambia kichwa cha mbwa kinapelekwa mahali?

Nilipofika nyumbani, jirani alikuwa ameshaleta maharagwe. Kama hujui, hiyo ni dawa ya kina dani: unapasua maharagwe, unayabandika kwenye jeraha, yakishika ati yananyonya sumu. Namheshimu sana dani yangu, lakini virusi haviogopi maharagwe. Kinachosaidia kwanza ni sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Niliyasoma haya kwa simu nikiwa nimekaa bafuni na mguu wa Junior kwenye karai, yeye analia, mimi naangalia saa.

Sasa piga hesabu ya Otonglo. Maji ya kutiririka dakika 15, na sisi maji tunanunua kwa mtungi. Mtungi wa kwanza uliisha hata dakika nne hazijafika. Auntie akawa anahesabu mitungi na anahesabu sarafu. Yule aliyeandika mwongozo wa dakika 15 alikuwa amesimama karibu na bomba. Hakukosea, sayansi ni sayansi, ila mtu wa hapa alipaswa kuongeza mstari mmoja: toboa tundu dogo kwenye mfuniko wa mtungi, mwaga polepole, sabuni nyingi. Nilikuja kufikiria hilo kesho yake.

Kituo cha kwanza, ambacho sitakitaja, kilituambia chanjo imeisha. Cha pili kilikuwa na muuguzi mzuri na friji tupu, akatuandikia tukanunue duka la dawa. Siku ya kwanza, ya 3, ya 7, ya 14, na akaandika na ya 28. Kila tarehe ni nauli, ni sindano, ni Auntie kufunga kibanda cha samaki siku hiyo. Tulichanga kwenye grupu ya familia. Binamu aliye Nairobi alituma. Mwalimu wa Junior alituma. Junior amemaliza zote, yuko sawa, jana alikuwa anacheza mpira na nilitaka kumpigia makofi kama anacheza Gor.

Lakini sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo posti yangu ilipo. Katika safari zote hizo, hakuna mtu hata mmoja, kwenye meza yoyote, aliyetuuliza: mbwa ni wa nani? Yuko wapi sasa? Ameuma nani mwingine?

Waliandika "kuumwa na mbwa" kwenye kitabu kikubwa, wakageuza ukurasa.

Mbuzi yule aliuzwa kabla ya wiki kuisha. Nani alimchinja, kwa mikono gani, sijui. Jamaa wa boda hakwenda hospitali kabisa. "Omera, huo ni mkwaruzo tu." Nitarudi kwake.

Kitu ninachokidai si cha ajabu wala cha bei ghali. Ni simu. Muuguzi akipokea mtu aliyeumwa, ampigie daktari wa mifugo wa eneo hilo. Daktari aje mtaani, aulize mbwa alipita wapi, atafute wote waliogusana naye, wa miguu miwili na wa miguu minne. Wataalamu wanaiita Afya Moja, wana mikutano mingi sana juu yake, na tangu 2012 serikali ya kitaifa ina kitengo cha pamoja cha Wizara ya Afya na watu wa mifugo, ZDU, kwa kazi ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwetu. Kule juu wamekaa meza moja. Huku chini muuguzi hana hata namba ya simu ya daktari wa mifugo.

Na usiniambie sheria hairuhusu. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Chini ya huduma za afya za kaunti utakuta vituo vya afya, ambulensi, huduma za mifugo, na uondoaji wa takataka, vyote kwenye aya moja. Moja! Shuka kidogo utakuta leseni za mbwa, nazo ni za kaunti. Waandishi wa Katiba walishaelewa kwamba mguu wa Junior, mbwa wa bucha na lile rundo la taka analolala juu yake ni kesi moja. Ni sisi tulioichukua hiyo aya tukaigawa kwa ofisi tatu, kila moja na funguo zake, bajeti yake na chai yake ya saa nne. Kaunti nyingi zimeweka mifugo chini ya kilimo, afya pembeni, taka kwingine kabisa. Mbwa haelewi hizo idara. Asubuhi yuko kwenye jalala, mchana yuko kwa muuza mgongo wazi anangoja vichwa vya samaki, jioni yuko mlangoni kwako.

Najua tayari kuna mtu anaandika "ueni wote". Hiyo komenti nilishaiona kila mara video ya mbwa inaposambaa. Nyama yenye sumu imetumika nchi hii miaka na miaka. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mara ya kwanza 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi, na mgonjwa wa kwanza binadamu kuandikwa, 1928, alikuwa mwanamke wa upande huu wetu wa Ziwa Victoria. Karibu miaka mia tunaua mbwa. Kama kuua kungekuwa dawa, tungekuwa tumepona enzi za mkoloni. Ukiua mbwa wa mtaa mmoja, chakula walichokuwa wanakula bado kipo, kwa hiyo wa mtaa wa pili wanahamia, hawajachanjwa, hawajulikani, wanapigana na kuumana kugawana eneo. Na kibaya zaidi, sumu haiulizi cheti. Inaua hata yule uliyemchanja juzi kwa pesa ya umma. Wenye mbwa wakisikia sumu inakuja wanawaficha ndani, na mwaka ujao gari la chanjo likija wanawaficha tena, maana gari ni lile lile la serikali.

Halafu kuna hili neno "mbwa wa mtaa". Nimeanza kulichukia. Tafiti za Kenya na Tanzania zimekuta tena na tena kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Jumamosi iliyopita mimi na marafiki wawili tulipita laini yetu, mlango kwa mlango, na daftari. Kila mtu alianza na "huyo si wangu, analala tu hapa." Analala hapa, anakula hapa, ana jina, watoto wanamjua, anabweka mgeni akija usiku na unafurahi. Buda, huyo ni wako! Tulipoacha kuuliza "ni wa nani" tukauliza "nani humpa chakula", mikono ikaanza kuinuka. Mbwa 19. Watano kati yao ni watoto wa mbwa. Vyeti vya chanjo tulivyoonyeshwa: vitatu.

Ilituchukua asubuhi moja na soda tatu. Sasa mtu mwenye ofisi aniambie kuhesabu kunashindikana.

Kwa nini 70, kwanza? Si namba ya kuokota. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja hadi wawili tu. Si ugonjwa unaokimbia kama surua. Ni kama kuzuia pasi: huhitaji kumkaba kila mchezaji, unahitaji kuziba njia za kutosha ili mpira usimfikie mtu. Mwaka ukienda, mbwa waliochanjwa wanakufa, watoto wa mbwa wanazaliwa, ukuta unapungua. Ukianza na 70 unabaki salama mpaka kampeni ijayo. Ukianza na 30, miezi michache tu na milango yote iko wazi.

Kwa hiyo watoto wa mbwa ni muhimu mno, na hapa nina kisa. Kampeni moja ya chanjo tuliyoiona huku iliwekwa Jumanne, saa tatu asubuhi, mahali pamoja. Nani huwa anapeleka mbwa kuchanjwa? Si baba mwenye tai. Ni watoto, ndio wanaoweza kumshika bila kuumwa. Jumanne saa tatu watoto wako darasani. Waliofika na vimbwa vichanga wakaambiwa ni vidogo sana, virudi vikikua, wakati ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuchanja mbwa wote wa umri wowote. Na tangazo? Gari lilipita mara moja na spika, Kiswahili cha taarifa ya habari, "kichaa cha mbwa" hivi na vile. Dani yangu alisikia, akaendelea kuchambua omena. Mngesema guok moneko angesimama.

Mlete Jumamosi. Semeni Kijaluo. Chanjeni vimbwa. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalohitaji mfadhili.

Mtu atasema haya ni ndoto za mitandaoni. Basi nenda Pemba. Kisiwa cha watu wanaoongea lugha hii hii, si Uswisi. Walianza kampeni za kuchanja mbwa mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Wakalegea, 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa. Wakaanza upya, wakafuatilia kila aliyeumwa mpaka kwa mbwa aliyemuuma, na 2018 wakaukata tena. Ninachopenda kwenye kisa hicho ni ile aibu ya 2016. Walishinda, wakasahau, wakaadhibiwa, wakarudi kazini. Hakuna aliyesema "basi haiwezekani".

Au Mara, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku moja kwa gari kutoka hapa. Watafiti waligundua kwamba aina ya chanjo ya mbwa inayotumika sana inaweza kukaa kwenye joto la nyuzi 30 miezi mitatu bila kuharibika. Kwa hiyo wakajaribu kuihifadhi vijijini bila umeme, kwenye chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Chungu! Sisi watu wa ziwa tunaambiwa tatizo ni friji, na kila boma la dani lina dapi inayopoza maji vizuri kuliko friji ya jirani yangu yenye tokeni zilizoisha. Mtu wa kijijini anakaa na chanjo mwaka mzima, mbwa akizaa anachanja. Si kungoja gari la Septemba.

Ndiyo, Septemba. Tarehe 28 ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, siku aliyokufa Pasteur, na ndiyo siku utaona fulana, hotuba na mbwa wa mheshimiwa akichanjwa mbele ya kamera. Mbwa wa mheshimiwa alishachanjwa. Analala kwenye mkeka kuliko wangu.

Pesa, basi, maana najua mnangoja hapo. Wazee wetu senti kumi waliiita otonglo, na ndivyo mtaa huu unavyotendewa, kama senti kumi. Daktari binafsi wa mifugo alituitisha shilingi mia tatu kumchanja mbwa wetu, cheti ndani. Sindano moja ya Junior ilikuwa mara kadhaa ya hiyo, na alihitaji tano. Kwa pesa tuliyochanga kwa mguu mmoja wa mtoto mmoja, tungechanja laini yetu yote na tukabaki na chenji. Kisha makadirio yanayotumiwa na serikali yenyewe ni kwamba watu wapatao 2,000 hufa Kenya kila mwaka kwa ugonjwa huu. Duniani ni kama 59,000, na wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Hatuna pesa ya kukinga, lakini za mochari huwa zinapatikana. Harambee za mazishi tunazijua.

Tena watu wa kuhesabu wapo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima. Wanapita nyumba kwa nyumba, wana simu, kila kaya wameiandika. Ongezeni maswali mawili: mna mbwa wangapi, na mwisho walichanjwa lini? Basi. Na walipwe kwa wakati, kwa sababu naona tabia ya kila mradi mpya kumwangukia yule mama wa fulana ya buluu kana kwamba miguu yake ni ya kukodi bure.

Na sisi je? Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Watu walioanguka hesabu shuleni walikuwa wanaelezana ushuru kwa video, kwa Kijaluo, kwa Kikisii, kwa Sheng. Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Mkutano wa wadi uliopita nilienda. Vijana tulikuwa wanne, na mmoja alikuwa amefuata chai. Fungueni hiyo faili kwa simu, mtafute neno "chanjo". Kisha mtafute neno "usafiri". Mpige picha zote mbili, mziweke kando kwa kando, na mnitag.

Ila msinitumie picha bila namba ya laini yenu. Ploti ngapi, mbwa wangapi, vyeti vingapi. Ninaziweka kwenye jedwali moja na nitampelekea MCA mwenyewe, mkononi, mbele ya watu. Asiseme tena hajui ni wangapi.

Sasa jamaa wa boda. Nilimpata jana steji. Mkono umepona, kuna alama tu kama ya kucha. "Ningekuwa mgonjwa si ningeshaugua, omera? Mwezi umepita." Nikamwambia ugonjwa huu mara nyingi hukaa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kujionyesha, wakati mwingine mwaka, na kwamba hata sasa chanjo inaweza kuanzishwa maadamu hajaanza kuugua. Akanyamaza. Ana watoto wawili. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "Na hizo sindano zote, utanisaidia?"

Ijumaa saa moja asubuhi nitakuwa steji. Nimempigia muuguzi wa friji tupu, amesema zimeingia chache. Na safari hii nimebeba namba ya daktari wa mifugo kwenye karatasi, niiache mezani kwake.